Chungwa la Kwanza Sikuwa na wa Kumpa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni Atuganile, wa ile nyumba ya bati ukishapita mashamba ya mpunga hapa Ngonga. Wengi mnanijua kwa sura tu. Leo nimeomba nafasi niseme alichonitendea Mungu. Mnivumilie, mimi si mzungumzaji.

Niliolewa kijiji cha Ngana. Miaka ikaenda, mtoto hakuja, mume wangu akaoa mwingine. Hakunifukuza. Ila siku moja nilirudi kutoka shambani nikakuta vitu vyangu vimehamishiwa jikoni, nikaelewa. Niliondoka na begi na jembe. Nikaja hapa Ngonga, nikafanya biashara ya mchele, nikajenga taratibu vyumba viwili. Ilikuwa nyumba ya kwanza maishani mwangu ambayo hakuna wa kuniambia toka.

Kabla hata ya kununua kitanda nilipanda miti. Michungwa, mparachichi, mipera, mlimao karibu na jiko. Ndugu zangu, furaha ile sijawahi kuipata popote! Mashimo nilichimba mwenyewe, samadi nikabeba kichwani. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilizunguka kuangalia kama kuna jani jipya. Mchungwa ulipotoa maua, nililala dirisha wazi ili harufu iingie, mbu wakaniuma na sikujali.

Lakini furaha ile nilikuwa nayo peke yangu. Majirani walinisalimu njiani, basi. Siku moja kisimani nilimsikia mama mmoja akiuliza yule mwanamke anampandia nani miti yote ile. Neno lile lilinikaa kifuani. Nikaanza kwenda kisimani wakati hakuna watu. Kisha nikaacha hata ibada, maana wanawake wakitoka kanisani husimama kuulizana habari za watoto.

Chungwa la kwanza lilipoiva nililikata, nikaliweka kwenye sahani, nikakaa mlangoni. Nikampigia simu dada yangu aliye Mbeya. Akasema yuko sokoni, atanipigia. Hakupiga. Nikala nusu. Nusu nyingine ilikaa pale mpaka sisimizi wakaijia.

Msimu uliofuata miti ilizaa sana, matunda yakaanguka na kuoza chini. Harufu ya machungwa yale ndiyo iliyonivunja moyo. Nikamwomba mwenyekiti wa kitongoji anitafutie mnunuzi wa nyumba. Nikapiga magoti palepale kati ya miti, nikasema, "Bwana, kama hapa si kwangu, niondoe. Kama ni kwangu, niletee hata mtu mmoja."

Mvua za masika zikaja, na mwaka ule hazikuwa za mchezo. Viwanja vya chini vyote vilijaa maji. Katikati ya mvua hizo jirani yangu, mzee Ambakisye, akafariki. Uani kwake maji yalifika magotini, hapakuwa na pa kuwaweka waombolezaji. Mkewe, Mama Lusajo, akaja mwenyewe kwangu, kitenge kimelowa. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Akaniomba msiba ukae kwangu, kwa kuwa kwangu ni mwinuko.

Nilikubali. Watu wakaja na maturubai, mikeka na masufuria. Wanawake wakapanga mafiga chini ya michungwa yangu. Watoto wakachuma mapera bila kuuliza. Nilisimama jikoni nikisikia watu wanatafuna, wanaitana, wanaomba chumvi, machozi yakanitoka. Walidhani namlilia marehemu tu.

Baada ya maziko wakaondoka wote, na kimya kikarudi kibaya kuliko cha mwanzo. Nilifagia ua nikajiambia, Atuganile, ndiyo imekwisha.

Kesho yake Mama Lusajo alirudi. Nilimpa kigoda, akakaa.

"Nasikia unauza," akasema.

"Nilikuwa nauza, mama."

Akatazama chini. "Mwanangu, kwangu kumekuwa kimya mno. Naomba niwe nakuja kukaa hapa."

Nikamwambia aje, aje hata kila siku. Naye huja. Mara nyingine mchana mzima hatusemi maneno mengi, tunamenya machungwa tu. Ni yeye aliyenishika mkono akanirudisha kanisani.

Ndugu zangu, sisemi upweke umekwisha. Jumapili jioni bado unanijia, na nyumba yangu bado ina kitanda kimoja. Lakini nilimwomba Mungu mtu mmoja, akanipa. Ndaga fijo, Bwana wangu, asante sana!

Najua yupo humu ndani anayekaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka ili asisalimiwe. Nilikuwa hivyo. Mwite Yesu, anasikia hata sauti ya mtu asiye na wa kuongea naye. Na leo usitoke mapema. Mimi na Mama Lusajo tutakuwa mlangoni, tutakusalimu.