Mawe ya Itambo: Maisha ya Marehemu Filemoni Mlowe, 1906–1958

Kamwene, ndugu wafiwa. Walinzi wa shamba wamesimama kule barabarani wakitutazama. Hata hivyo, jeneza halitashushwa kwa haraka. Familia inaomba utulivu ili maisha ya mzee huyu yasomwe yote.

Marehemu Filemoni Mlowe alizaliwa mwaka 1906 huko Wanging'ombe, mtoto wa tatu wa Mzee Anania Mlowe na Bibi Zipora, wakulima wa ulezi. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka, mwaka 1914. Shule ya misheni aliianza akiwa mdogo, vita vikaifunga. Alirudi akiwa kijana wa ndevu, akakaa benchi moja na watoto wa dada zake. Walimcheka, naye akacheka nao. Alimaliza darasa la nne mwaka 1925, na tangu hapo hakukubali tena kutia dole gumba mahali pa sahihi.

Tarehe 5 Septemba 1931 alifunga ndoa na Tabea, binti wa jirani yao. Walijaliwa watoto watatu: Nahumu, Yudita na Anania, aliyepewa jina la babu yake.

Mwaka 1936 kampuni ya mbao ilifungua kiwanda hapa Itambo, kati ya Njombe na Makambako. Filemoni aliajiriwa kuburuta magogo, baadaye akawa mnoa misumeno. Vijana waliopo leo wanaona nyasi na saruji iliyopasuka, lakini Itambo ulikuwa mji. Palikuwa na nyumba za mbao, duka la mbao, shule na kanisa la mbao, na watu waliotoka Makete, wengine hata Lupingu ziwani. Wanawake walipika wametega sikio. Msumeno ukibadili sauti ghafla, kila mke aliacha mwiko chunguni akakimbia, asijue anaukimbilia mwili wa mume wa nani.

Hofu hiyo Filemoni alikwenda nayo hata kanisani. Siku moja Tabea alimgusa kwa kiwiko katikati ya mahubiri.

"Baba Nahumu, mchungaji anahubiri, wewe uko wapi?"

"Namsikia. Ila msumeno wa pili una ufa."

"Leo Jumapili, mume wangu. Kiwanda kimezimwa."

"Kesho kitawashwa."

Alimweleza msimamizi kuhusu ufa huo. Aliambiwa anoe anyamaze. Alirudi kumweleza tena, akatishiwa kufukuzwa. Mwezi Juni 1941 msumeno ule ulipasuka ukaua watu wawili, na kesho yake kazi iliendelea kama kawaida. Aliyesema ukweli hakuombwa radhi, na aliyeupuuza hakuulizwa neno. Jambo hilo linatamkwa hapa kwa sababu halikuwahi kutamkwa popote.

Mwaka 1943 homa ya mapafu ilimchukua Anania, akiwa na umri wa miaka minne. Alizikwa hapa, katika safu ya pili. Kampuni iliwapa wafiwa mabanzi, yaani yale maganda ya gogo yasiyouzika, wakayagongea misalaba, na wakashukuru! Ndipo watu wote walioishi kwa mbao walipofanya kosa moja: hakuna aliyewaza kuweka jiwe. Hata nafasi kati ya kaburi na kaburi waliipima kwa ubao wa futi nane, kama walivyopima kila kitu. Nani angefikiri kwamba mbao zingekwisha Itambo?

Zilikwisha. Mwaka 1952 msitu ulikuwa umemalizika, kampuni ikang'oa injini, ikabomoa nyumba, ikapakia hata mbao za kanisa. Familia ilihamia Makambako, Filemoni akawa ananoa misumeno ya maseremala. Moto wa nyika ukapita Itambo mwaka baada ya mwaka, na misalaba ikaungua.

Mwezi Mei mwaka huu alisikia kwamba ardhi hii imegawiwa kwa shamba jipya la miti ya miwati. Alikuja mbio, akamkuta mpimaji akichomeka bendera.

"Bwana, hapa ni makaburini."

"Makaburi yako wapi, mzee? Mimi naona majani."

"Huenda umemkanyaga mwanangu."

"Huenda? Basi hata wewe hujui. Weka alama. Kisichoonekana matrekta yatakilima."

Neno lile "huenda" lilimnyima usingizi. Safu zote mbili zilikuwa zimepimwa kuanzia msingi wa injini, na kona ilikoanzia safu ya pili ilikuwa imevunjwa siku injini ilipong'olewa. Alichonga ubao wa futi nane, akapima, akapima tena. Safu ya kwanza ikamkubali, ya pili ikamkataa: mstari aliujua, kaburi la nani liko wapi hakujua. Hata hivyo, Juni yote na sehemu kubwa ya Julai, baridi ikiwa kali na umande umeganda, alipandisha mawe kutoka mtoni. Wapita njia walimtania.

"Mzee Filemoni, unajenga ngome? Unapigana na nani?"

"Na trekta. Shika hilo jiwe unisaidie."

Kifua chake, kilichovuta vumbi la mbao miaka kumi na sita, kilishindwa na baridi ile. Alilala kitandani tarehe 28 Julai. Hakulalamikia maumivu, aliuliza tu kama matrekta yamefika.

"Mama Nahumu, lile jiwe la Anania nimeliweka pake?"

Tabea hakumdanganya. "Sijui, baba. Lakini unajua safu ni ile."

"Basi nizikeni kwenye safu ile. Kaburi bichi hawatasema hawalioni."

Alifariki nyumbani kwake Makambako, Alhamisi tarehe 7 Agosti 1958, saa kumi na moja alfajiri.

Marehemu ameacha mjane, Mama Tabea. Watoto, Nahumu na Yudita. Dada yake, Getruda. Na wajukuu watano.

Familia imeambiwa na wenye shamba kwamba haina ruhusa ya kuzika hapa. Itambo ilizika watu wake kabla shamba hilo halijaota hata mche mmoja, wala mama hahitaji ruhusa yao kumlaza mumewe karibu na mtoto wao. Kaburi hili limechimbwa umbali wa ubao mmoja kutoka jiwe la mwisho alilolifikisha. Kila aliyepanda na jiwe kutoka mtoni atalitua baada ya udongo. Matrekta yanatarajiwa Jumatatu asubuhi. Nahumu atakuwa amesimama hapa kabla hayajafika, na anayetaka kusimama naye anakaribishwa.

Apumzike kwa amani Filemoni, pamoja na Anania, popote alipo katika safu hii.