Bedan Mugo wa Mureithi, Aliyeandika Nilichomweleza

Wasifu wa marehemu, 1955–2025. Umeandikwa na kusomwa na bintiye, Wanjiru, ambaye wengi wenu mnamwita Shiru.

Kamati ya mazishi iliniomba ukurasa mmoja, tena ikanikumbusha kwamba kuhusu sinema sentensi moja ingetosha: "Marehemu alipenda kutazama filamu wakati wa mapumziko." Niliwasikia. Lakini aliyepeleka kijitabu hiki kwa mpiga chapa ni mimi, kwa hiyo kamati itakisoma pamoja nanyi, na lawama nitazibeba mwenyewe.

Mzee Bedan Mugo alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika kijiji cha Kiamariga, Nyeri. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Mureithi, fundi cherehani, na marehemu nyanya yetu, Shosho Wanjiru, ambaye mimi nina jina lake. Januari 1963 familia ilihamia Nairobi, katika chumba kimoja mtaani Bahati. Alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo alilia alipoona taa za barabarani, akidhani ni moto, na kaka yake akamcheka mwaka mzima.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Bahati kuanzia 1963 hadi 1969, kisha sekondari Eastleigh hadi kidato cha nne mwaka 1973. Walimu waliandika kwamba ana akili ila hatulii. Alikotulia ni kwenye ukumbi wa mtaa, ambako Jumamosi sinema zilionyeshwa kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Hapo ndipo alipoziona kwa mara ya kwanza filamu za Ezra Mulongo, mwongozaji aliyepiga picha za watu wa mitaa kama yetu wakifua, wakigombana na wakienda kazini. Mwaka 1971 Mulongo alikuja kupiga filamu katika Soko la Burma. Baba, akiwa na miaka kumi na sita, alikuwa ametumwa nyama. Msaidizi wa Mulongo alimkabidhi mguu wa mbuzi na kumwambia avuke kutoka bucha hii hadi ile bila kuitazama kamera. Alivuka mara sita, akafika nyumbani amechelewa, akachapwa. Filamu ilipotoka aliwapeleka ndugu zake wote wanne wakaketi mstari wa mbele kungoja mguu wa mbuzi. Kipande hicho kilikuwa kimeondolewa. "Mulongo alinikata," alituambia maisha yake yote, kwa fahari kabisa, kana kwamba alipewa medali.

Mwaka 1974 aliajiriwa kibarua katika kiwanda cha sabuni, Eneo la Viwanda. Alipostaafu Desemba 2010 alikuwa msimamizi wa zamu. Wenzake waliofika hapa leo watawaambia jinsi alivyokuwa akiwasimulia filamu nzima saa ya chakula, mpaka mtu anasahau kula.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu, Eunice Warigia. Mara ya kwanza alipompeleka sinema, Mama alilala usingizi kuanzia dakika ya kumi. Baba hakumwamsha. Walipotoka alimsimulia picha yote wakitembea kwa miguu kutoka mjini hadi Shauri Moyo, na Mama anasema ndipo alipojua huyu mtu ataongea naye mpaka uzeeni. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu Mureithi mwaka 1988, na mimi mwaka 1991. Mwaka 1994 tulihamia mtaa wa Tena, katika nyumba ile ile ambayo mmekuwa mkija kutufariji wiki hii.

Mureithi ndiye aliyemfungulia Baba blogu mwaka 2011, ili mzee asizeeke kwenye kochi. Baba aliiita Safu ya Nyuma. Kupitia hiyo alipata marafiki ambao sisi nyumbani hatukuwajua kwa sura: Kweyu, Triza, Abdijabar wa Eastleigh, na wengine watano. Mwaka 2014 walianzisha Wiki ya Mulongo. Kila Agosti kila mwanablogu alichagua filamu moja ya Mulongo, na kwa wiki nzima walichapisha makala zao kwa zamu, wakasomana na kubishana. Sheria yao ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kali: huandiki kuhusu filamu ambayo hujaitazama wiki hiyo hiyo. Anayekiuka anatolewa kwenye orodha. Baba aliiheshimu sheria hiyo kuliko alivyoheshimu masharti ya daktari.

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba mnivumilie.

Juni 2017 Mureithi alikwenda kufanya kazi ya ulinzi katika nchi za Ghuba. Alipiga simu kila Jumapili. Jumapili ya tarehe 2 Februari 2020 alizungumza na Baba kwa dakika tano, akasema ana mafua, na tangu siku hiyo hatujasikia sauti yake. Tumekwenda ofisi zote tulizoambiwa twende. Baba hakuwahi kukubali aombewe kama marehemu. Kila Jumapili aliiweka simu kwenye meza ya chakula, karibu na sahani yake.

Mwaka 2021 daktari alimwambia ana presha ya macho na kwamba alichelewa kuja. Kufikia mwisho wa 2023 alikuwa anaona mwanga wa dirisha tu. Niliacha nyumba yangu Donholm nikarudi Tena. Baba alitukataza mimi na Mama kumwambia mwanablogu yeyote. "Watanionea huruma," alisema. "Watasoma makala yangu kama mtu anayemwangalia mtoto akijifunza kutembea." Walipopanga kukutana, alikuwa na homa. Walipotaka kupiga simu za video, kamera yake ilikuwa mbovu. Kamera haikuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo nikawa namwelezea. Jumamosi saa nane mchana tunaketi sebuleni, filamu kwenye kompyuta yangu, yeye ameinamisha kichwa upande wa spika.

"Amesimama wapi?" angeuliza.

"Mlangoni."

"Mlangoni ndani ama nje? Shiru, usinifanyie hivyo. Mkono wake uko wapi?"

"Mfukoni, Baba. Wa kushoto."

"Eeh. Sasa naona."

Kisha yeye anatamka, mimi naandika. Makala mnazozisifu za mwaka 2024 aliziandika hivyo. Kila neno lilikuwa lake. Ya kwangu yalikuwa macho tu, na nilijivunia kazi hiyo kuliko ile inayonilipa mshahara.

Mwaka huu Abdijabar alipata nakala ya filamu ya mwisho ya Mulongo, *Lango la Saa Kumi*, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Baba alikuwa ameitafuta miaka thelathini. Wenzake walikubaliana kwamba aandike yeye, na Abdijabar akampigia simu: "Mzee wetu, hii ni yako. Hakuna mwingine atagusa." Baba alivaa koti siku ya kuitazama. Nilimwuliza anavaa koti aende wapi, akaniambia ninyamaze niweke picha.

Filamu inamhusu mama ambaye kijana wake alikwenda kutafuta kibarua kiwandani na hakurudi. Kila siku saa kumi jioni anasimama langoni na bakuli la chakula, akingoja zamu itoke. Sehemu ya mwisho haina maneno, ni mashine na king'ora na miguu ya watu. Nilimweleza: lango linafunguka, wanaume wanatoka wawili wawili, mama anatazama kila uso. Kisha nikaona wakiisha. Mlinzi akafunga lango, akatia kufuli. Kijana hakutoka.

Baba alikuwa ameshika mkono wa kochi kwa nguvu. Mimi nilitazama vidole vyake, na nikashindwa.

"Ametoka, Baba," nikasema. "Wa mwisho kabisa. Mama ameweka bakuli chini, amemkumbatia."

"Amerudi?"

"Amerudi."

Kisha akauliza polepole, "Amekonda?"

"Kidogo tu."

Nikaizima kompyuta nikasema imeisha. Baba alilia, nami nikajiambia nimefanya jambo jema.

Wiki hiyo alitamka makala ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Nusu yake ilihusu kijana yule anayetoka wa mwisho, amekonda kidogo. Niliiandika yote kwa vidole hivi, nikijua. Ningeweza kumsimamisha wakati wowote. Siku tatu nzima niliandika, na sikufungua mdomo. Tarehe 8 Agosti niliichapisha.

Wenzake walikuwa wametazama nakala ile ile. Maoni ya kwanza yalikuwa ya upole, baadaye yakakolea. "Huyu mzee hajawatch hii movie, ameguess tu," mmoja aliandika. Mwingine akanakili yale maneno "amekonda kidogo" na kuweka vicheko. Jioni hiyo makala iliondolewa kwenye orodha, na jina la Baba pamoja nayo, baada ya miaka kumi na moja. Baba aliponiuliza watu wamesema nini, nilimwambia wamenyamaza tu, labda wako na shughuli.

"Sawa," akasema.

Jumamosi iliyofuata niliandaa filamu nyingine. "Leo tupumzike, Shiru," akaniambia. Jumamosi baada ya hiyo akasema hivyo hivyo. Hakuniomba tena nimweleze picha yoyote. Alisikiliza redio. Nilidhani ni uzee, au ni macho, na kusema kweli nilifarijika kwamba hajui.

Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba alipooza upande wa kulia. Alilazwa siku nne, akafariki Alhamisi tarehe 23 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, Mama akiwa ameshika mkono wake. Wauguzi walimtunza vizuri, na familia inawashukuru.

Kweyu, ambaye ndiye mratibu wa Wiki ya Mulongo, alikuja nyumbani Jumanne kutupa pole. Mama alikuwa akimwonyesha fimbo nyeupe ya Baba, akisema tutaizika naye.

"Ya nini, Mama?" Kweyu akauliza.

"Si ni ya kutembelea? Miaka miwili hakuwa anaona."

Kweyu akakaa chini bila kukaribishwa. Akatuambia kwamba siku ile ile ya Agosti, nikiwa kazini, alimpigia Baba simu. Alimsomea maoni, akamwambia kijana harudi katika picha ile, akamwuliza kama kweli aliitazama. Baba akasema, "Kosa ni langu. Niliangalia vibaya. Toa jina."

"Nikamwuliza kama kuna mtu alikuwa anamsaidia kuandika," Kweyu akasema. "Nilirudia mara mbili. Akaniambia hapana, niko peke yangu."

Kwa hiyo Baba alijua. Aliniuliza watu wamesema nini akiwa tayari anajua, akaniacha nimdanganye mara ya pili, na akabeba aibu yangu kwa wiki kumi na moja bila kunitajia. Sijui kama alikuwa amenisamehe au alikuwa ameacha kuniamini. Nimelala na swali hilo tangu Jumanne na sioni litakavyopata jibu.

Kweyu, Triza, Abdijabar na wenzenu, mliokuja na shada lenye jina la Safu ya Nyuma: Baba hakuvunja sheria yenu. Aliitazama filamu ile kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, na aliyeikosea ni mimi. Siwaombi mrudishe makala, kwa sababu ina uongo wangu ndani yake. Naomba mrudishe jina.

Marehemu ameacha mke, Eunice Warigia, binti, Wanjiru, ndugu watatu, na mwana, Mureithi, ambaye hatujui alipo, na ambaye familia inamwandika hapa miongoni mwa walio hai, kama Baba alivyotaka.

Jumatano, baada ya Kweyu kuondoka siku iliyotangulia, niliifungua tena filamu ile. Nilipofika mahali nilipoizima, nikaona kwamba dakika mbili zilikuwa zimebaki. Sikuwahi kuzitazama. Baba, niliogopa lango lililofungwa hivi kwamba sikungoja nione kinachofuata, na nikakunyima.

Mama anabaki amesimama nje ya kufuli, upande wa kushoto. Hajalia. Kando ya ua kuna kibarua aliyekosa kazi siku hiyo, ameketi juu ya jiwe, viatu vimetoboka. Mama anamwendea, anafungua kitambaa, anampa bakuli kwa mikono miwili. Mwanamume anakula haraka, mama anamtazama. Anapomaliza, mama anapokea bakuli, anaenda zake, anapotea kwenye kona. Kamera haimfuati. Inabaki kwenye lango, mwanga unabadilika ukutani, giza linaingia, kunakucha, kivuli kinahama kutoka upande mmoja hadi mwingine. King'ora kinalia. Na pale kwenye kona, Baba, anatokea tena, amebeba bakuli limejaa, anatembea haraka kidogo, kama mtu anayeogopa kuchelewa. Anasimama mahali pake. Lango linaanza kufunguka.

Ndivyo inavyoisha. Pumzika salama, Baba.