Yule Dada wa Kwenye Kona ya TV

Kijiwe chetu kiko Karatu mjini, nyuma ya gereji, kwa Hamidi muuza kahawa. Kuna benchi moja refu, birika, sahani ya kashata, na TV ya Hamidi iliyofungiwa ukutani ndani ya wavu wa chuma. TV hiyo ilianguka Jumamosi. Tangu siku hiyo haitoi sauti, na chini ina mstari mweusi uliomeza maandishi yote. Watu wenye akili zao wangeizima. Sisi tumeendelea kuangalia taarifa ya habari ya saa saba mchana kila siku, na tunaijadili kuliko zamani.

Jumatano hiyo mwenye shida ya kweli alikuwa Clemensi, mkulima wa kijiji cha Qurus. Alifika anahema, akakaa mbele kabisa.

Clemensi: Nyamazeni. Ng'ombe wa kulimia wa shemeji Hilary nimepewa kesho tu. Mbegu ya maharage ninayo ya kupanda mara moja. Nataka kujua kama mvua ipo.

Chui: Unatunyamazisha sisi, wakati TV yenyewe imeshanyamaza?

Huyo ni Julius, dereva wa watalii. Tunamwita Chui kwa sababu kila siku anaapa kuna chui alimwona jana, mahali pale pale, ila leo hayupo.

Chui: Si uangalie simu yangu? Hii hapa, wameweka wingu na matone.

Clemensi: Simu yako iliniwekea matone hayo hayo mwaka jana. Nikapanda. Mbegu ikakaa kwenye vumbi, kanga wakaila yote. Mke wangu Brigita alinisema mpaka Krismasi. Leo kaniambia nikikosea tena nitapikiwa hao kanga.

Hamidi: Mama Saa Saba hajawahi kukudanganya. Msubiri.

Mama Saa Saba ni mtangazaji. Jina lake halisi tulikuwa tunalijua wakati ule sauti ipo. Akatokea, gauni la kijani, karatasi mkononi.

Mzee Hhando: Kijani! Andika mvua.

Mzee Hhando ni mwalimu mstaafu. Kijiweni anaitwa Mkaguzi, maana hakuna hoja inayopita bila yeye kuitia tiki au mkasi.

Chui: Mzee wangu, jana alivaa njano. Tulipanda alizeti?

Mzee Hhando: Jana ilikuwa habari za uchumi. Tulia usome mazingira.

Hamidi: Msiangalie gauni, angalieni mdomo. Akitabasamu upande mmoja, mvua ni ya Dar. Akitabasamu pande zote mbili, mvua imefika mpaka huku kwetu.

Clemensi: Sasa hapo katabasamu upande gani?

Hamidi: Kamera ilihama. Subiri arudie.

Mwisho wa benchi Emilian fundi viatu akagonga nyundo mara tatu. Emilian hasikii tangu utotoni. Ana miaka kumi na moja hapo na kisanduku chake cha gundi na misumari. Alikuwa anamwangalia Clemensi, mikono inapunga.

Hamidi: Fundi anataka kahawa. Haya, mpe.

Akapewa. Akaiweka chini bila kuigusa, akatikisa kichwa.

Chui: Mimi Jumatatu niliwaambia, huyu mama uso wake unasema kila kitu. Si mliona alivyokuwa anajifuta macho?

Kweli, Jumatatu Mama Saa Saba alijifuta macho mara mbili, tukakubaliana kuna mkubwa kafariki. Tulisimama dakika nzima kimya. Hamidi alivua kofia. Nami nilisimama, nasema ukweli wangu.

Mzee Hhando: Kuna jambo linanisumbua. Yule dada mwingine, yule mdogo wa kwenye kona. Kwa nini hatulii?

Wote tukamwangalia. Kwenye kona ya TV, ndani ya kiduara, kulikuwa na dada aliyevaa nyeusi. Mikono yake ilikwenda juu, ikashuka, ikakutana, ikaachana.

Chui: Huyo ni wa zamu inayofuata. Anamwambia mwenzake toka, muda wangu umefika.

Hamidi: Hapana bwana. Hiyo studio ina inzi.

Mzee Hhando: Inzi hakuna. Yule ndiye anayemwongoza. Akiinua mkono, mama anasoma kwa nguvu. Akishusha, mama anapoa. Sisi shuleni tulifanya hivyo kwenye kwaya.

Chui: Basi nawaambia ukweli. Yule ndiye mwenye kituo. Kakataa kuajiri msimamizi, kajiweka mwenyewe pale kwenye kona, anafoka wiki nzima!

Clemensi: Jamani, mvua!

Emilian akagonga tena, sasa kwa soli ya buti, akasimama kabisa. Chui akampa kahawa ya pili na kashata juu yake. Emilian akamtazama mpaka nikamwonea huruma, lakini sikujua namwonea huruma kwa lipi.

Mama Saa Saba akakusanya karatasi zake. Taarifa ikaisha. Clemensi akashika kichwa.

Hapo alikuwepo dada mmoja, Naipanoi wa Nainokanoka, anasubiri gari la kupanda kwao mlimani. Alikuwa anakunywa kahawa yake nyuma yetu muda wote.

Naipanoi: Samahanini wazee wangu. Yule dada wa kwenye kona alikuwa anaongea na nani?

Naipanoi: Mdogo wangu Supeet hasikii. Akirudi likizo, nyumbani yeye ndiye anatupa habari, anazisoma kwenye mikono ya dada kama yule.

Akamgeukia Emilian, akachezesha mikono kidogo, pole pole. Emilian akadondosha buti. Mikono yake ikaanza kwenda kasi, uso wote umefunguka, mpaka Naipanoi akamwomba apunguze mwendo.

Naipanoi: Anasema mvua zinaanza Ijumaa, mikoa ya Arusha na Manyara. Wakulima waandae mashamba. Anasema amewagongea nyundo mpaka mkono umechoka.

Clemensi: Ijumaa! Kesho napanda!

Naipanoi: Anasema pia Jumatatu hakuna aliyefariki. Yule mama aliomba radhi, ana mafua.

Tulicheka mpaka fundi wa gereji akatoka chini ya gari kuuliza kuna nini. Hamidi alicheka huku amejifunika uso na kofia ile ile. Nilifurahi, na niliona aibu, vyote pamoja.

Clemensi alishaparamia bodaboda aende kwa Hilary. Akasimama. Akarudi. Emilian alikuwa ameinama anaokota buti lake, ametupa mgongo.

Clemensi: Dada, nataka kumshukuru. Namwitaje?

Naipanoi: Si mwenzenu? Wenyewe kila mtu ana jina lake la mikono. La kwake ni lipi?

Clemensi akamwangalia Hamidi. Hamidi akamwangalia Mzee Hhando. Chui akaangalia viatu vyake. Nami walinitazama bure.

Clemensi akamlipa bodaboda aondoke. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya Emilian goti kwa goti, akanyoosha mikono yake miwili ya jembe, akasubiri kufundishwa. Ng'ombe wa Hilary wakangoja.