Ufunguo Niliokataa Kuukomboa

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mkiitikia polepole haidhuru, maana hata mimi leo sina sauti ya kupaza. Wengi mnanijua, mimi ni Mama Neema wa Kitete, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Msionijua kwa jina huenda mmeniona barabarani, nimesimama kando ya gari kubwa jeusi lililofunguliwa boneti, mkononi nina dumu la maji. Nilisimama hivyo karibu mwaka mzima, na nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa pale.

Nianze na mume wangu, marehemu Baba Neema. Alikuwa mtumishi wa halmashauri, na kwa miaka mingi alikwenda ofisini Isikizya na kurudi kwa pikipiki. Kiangazi alirudi mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope, masika alirudi na tope magotini. Hakulalamika. Alipostaafu na kupata kiinua mgongo nilidhani atasema tuongeze mashine ya pili, au tumalizie chumba cha uani. Akaniambia, "Mama Neema, vumbi nimekula la kutosha. Nataka gari la kufunga vioo."

Ningemkatalia vipi, ndugu zangu? Akaenda Dar akarudi nalo. Lilikuwa gari la kifahari la Ulaya, lililokwisha kutumika huko kwao, refu, lenye viti vya ngozi na kiyoyozi kinachopuliza hadi miguuni. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya magari ya kawaida tuliyozoea kuyaona hapa mjini, nasi tukaita baraka. Hatukujiuliza kwa nini tajiri wa kwanza alikubali kuachana nalo. Sasa ninajua, na ninawaambia bure: gari la kifahari likizeeka bei yake hushuka, lakini bei ya spea zake haishuki hata kidogo. Spea haijui kwamba wewe ni mstaafu wa Tabora.

Gari lile halikuwa na springi kama magari mengine. Lilikaa juu ya mifuko ya upepo, na mifuko ile ilikuwa imechoka kabla hatujaijua. Jioni mnaliacha limesimama vizuri, asubuhi mnalikuta limelala kifudifudi, pua chini. Watu wa mtaani wakalipa jina, wakaliita Mlokole, kwa sababu kila alfajiri lilikutwa limepiga magoti. Baba Neema alicheka kuliko wote. Alikuwa akilisalimu, "Amina, mpendwa, inuka twende," na siku nyingine kweli liliinuka.

Fundi wetu, Shija, alikuwa mtu mkweli. Tangu mwanzo alituambia, "Mzee, mimi nitafungua na kufunga, lakini hii gari inataka kompyuta yake yenyewe. Mimi hiyo kompyuta sina, na hapa mjini sijui mwenye nayo." Kwa hiyo taa ya njano ikiwaka tulikuwa tunabahatisha. Tulibadilisha kifaa, taa ikazima, tukamshukuru Mungu, na kabla ya Jumapili ikawaka nyingine. Spea tuliagiza Dar, ikaja na basi, ikawa siyo. Tukairudisha, tukangoja. Mafuta nisiyaseme, maana lile gari lilikunywa hata likiwa limesimama kwenye foleni ya kituo cha mafuta.

Siku Baba Neema alipoanguka uani, mdomo umekwenda upande, Mlokole lilikuwa limelala likingoja mfuko wa upepo kutoka Dar. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Nilimpakata kichwa, upepo na vumbi vinaingia pande zote, naye akajaribu kutabasamu kwa upande mmoja. Akasema kwa shida, "Likipona, tutakwenda nalo Kigwa." Kigwa ndiko kwao, walikozikwa wazazi wake, na alikuwa hajawahi kulifikisha. Hakuongea tena neno ninaloweza kuwasimulia. Tulimzika Kigwa wiki ile ile.

Mnaona sasa nilivyofungwa. Halikuwa gari tena, lilikuwa neno la mwisho la mume wangu. Na shemeji yangu Maganga, mdogo wake marehemu, alinikuta naliangalia siku moja akasema, "Shemeji, gari la kaka haliuzwi. Watu watasema tumemzika mara mbili." Alisema kwa upendo, simlaumu. Basi nikaubeba ule mzigo. Nikalipa bima ya gari lisilotembea. Nikanunua matairi ya gari linalolala. Faida yote ya mashine ikawa inaingia mle ndani, kila dumu la mafuta ya alizeti nililouza nililijua tayari limekuwa boliti gani. Niliombea lile gari kuliko nilivyojiombea mwenyewe. Siku moja nililipaka mafuta boneti nikalikemea kwa jina la Yesu. Msicheke, au chekeni tu, mimi mwenyewe sasa nacheka.

Nilichoka, ndugu zangu. Nilichoka mpaka nikawa ninakuja hapa kanisani kwa ajili ya kukaa tu. Mnaposema tusimame tuimbe, mimi nilibaki kwenye benchi nikisingizia goti.

Kisha ikafika zamu ya giaboksi. Fundi Shija alitoka chini ya gari akajifuta mikono muda mrefu kabla ya kunitazama. Akanitajia bei. Nikamuuliza kama ametaja ya gari zima. Akasema hapana, Mama, ni giaboksi peke yake, na hiyo nayo ni ya mtumba. Nikarudi nyumbani, nikaiangalia mashine yangu ya alizeti, na nikapata wazo. Niliamua kuiuza. Mashine inayonilisha, iliyomsomesha Neema, inayowakamulia wanawake wa kata nzima! Mnunuzi akapatikana, tukakubaliana aje kuichukua Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia ilikuwa kumbukumbu ya mwaka wa marehemu kule Kigwa, siku ya kuondoa matanga, nami nilikuwa nimeapa kwamba gari litafika Kigwa siku hiyo. Fundi Shija akalifunga kwa namna alivyoweza, akaniambia niende taratibu na nisizime injini njiani.

Tulikwenda na shemeji Maganga akiendesha, mimi kando yake, na nyuma alikaa Mzee Pazi. Huyu ni Mzaramo, fundi cherehani wa sokoni, aliyekuwa rafiki na mtani wa marehemu. Haabudu na sisi, ni Mwislamu, na mnajua Wazaramo na sisi Wanyamwezi utani wetu ni wa tangu misafara ya pembe za ndovu. Kwenye msiba wa Mnyamwezi, Mzaramo ana ruhusa ya kusema lolote na kunyakua chochote, na alichokinyakua lazima mfiwa akikomboe, kwa kuku au kwa chochote, ndipo arudishiwe.

Kwenye lami tulikwenda vizuri, hata nikaanza kuimba moyoni. Tulipochepuka kuingia njia ya kijijini, likapiga kelele mara moja ndani ya tumbo, likakata mwendo. Kisha taratibu, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanatungoja, likapiga magoti. Shemeji Maganga akajaribu, likagoma. Watu wakaleta ng'ombe wa kulimia, wakafunga mnyororo, na Mlokole likaingia kwa marehemu likivutwa na maksai wanne, vioo vimefungwa kama alivyotaka. Kina mama walikuwa wamejiandaa kupiga vigelegele. Hawakujua wapige au wanyamaze. Mimi nilishuka nimefunika uso kwa kanga.

Ndipo Mzee Pazi alipoanza. Alijifunga shuka kichwani, akakaa chini kwenye tairi la mbele, akaangua kilio. "Jamani, mmeniita kwenye msiba mmoja, kumbe iko miwili! Marehemu alizaliwa Ulaya, kalelewa kwenye viyoyozi, kaja kuuawa na wala michembe ya viazi! Mngejua ana presha si mngemwacha huko kwao?" Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa aibu, baadaye wakashindwa kujizuia. Akainuka, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akanigeukia mimi.

"Mama Neema," akasema, "wahenga wamesema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Ni kweli. Babu zenu walibeba pembe kutoka huku mpaka kwetu pwani, lakini walipofika walitua. Nyinyi wajukuu kutua hamjui. Babu yako alibeba akalipwa. Wewe unabeba, na unalipa. Sasa ufunguo ninao mimi. Nataka jogoo, la sivyo gari ni langu."

Huo ulikuwa utani wa kawaida, ndugu zangu, ndivyo wanavyofanya wote. Shemeji Maganga akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo mwekundu, akanikabidhi ili mimi, mfiwa, nikomboe. Nilimshika yule jogoo miguu. Nikatazama mkono wa Mzee Pazi uliokuwa umenyooshwa, nikatazama gari, nikahisi mikono yangu mizito ajabu. Nikaelewa kwamba jogoo yule ni giaboksi, na giaboksi ni mashine yangu, na baada ya mashine kitatakiwa kitu kingine. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia tu kinywa changu kikisema, "Sikomboi."

Kicheko kikakatika. Shemeji akasema, "Shemeji, ni utani huu." Nikamwambia, "Najua ni utani, na utani una sheria yake. Kisichokombolewa ni cha mtani." Mzee Pazi mwenyewe aliogopa. Akasema, "Dada yangu, mimi hata baiskeli sina. Nitalipeleka wapi hili jumba?" Nikamjibu, "Hayo ni yako, mtani. Mimi nimetua." Kisha nikalia, siyo kile kilio cha mazishi, kilio kirefu cha mtu aliyeshusha kitu kichwani na shingo ikaanza kuuma. Watu waliniacha nilie. Mzee Pazi akaja akakaa karibu yangu chini, akanishikia jogoo.

Baadaye shemeji Maganga alikuja akainama mbele yangu. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Shemeji, mimi nilisema vile kwa sababu sikuwa na kingine cha kaka. Nisamehe." Basi tulikuwa wawili tuliokuwa tunabeba, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayetaka gari libaki.

Jioni nilikwenda kaburini peke yangu. Nikamwambia, "Baba Neema, halikupona. Lakini tumefika Kigwa." Nilikaa pale mpaka jua likapoa, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe nilimkumbuka yeye, kicheko chake, kope zake nyekundu kwa vumbi, bila kukumbuka hata boliti moja.

Jumatatu mnunuzi wa mashine alikuja, nikampa chai, nikamwomba radhi, akaondoka mikono mitupu. Gari Mzee Pazi aliliuza kwa watu wanaokata magari na kuuza vipande. Fedha aliniletea zote, akasema yeye anataka jogoo wake tu. Tulimchinja, akala kwangu.

Ndugu zangu, neno la ukombozi tunalitaja sana hapa madhabahuni. Mimi nilidhani kukombolewa ni kupewa nguvu ya kukomboa, nikakomboa na kukomboa mpaka nikaishiwa. Bwana alininyooshea mkono wa Mzaramo mwenye shuka kichwani, akanifundisha kuachilia. Sisemi msinunue magari. Nasema kama kuna kitu unakilisha na chenyewe hakikulishi, na unakiita upendo, au heshima, au neno la marehemu, mwamini Mungu ukitue. Marehemu hatapotea. Mungu anao wafu wetu mkononi, hahitaji tuwatunzie gereji.

Asanteni kwa kunivumilia, na asante kwa Bwana aliyenivumilia zaidi. Bado nimechoka, sitawadanganya, mwaka ule haujanitoka mwilini. Lakini kesho asubuhi mashine itanguruma na wanawake watakuja na magunia yao. Mkianza wimbo leo nitasimama na nyinyi. Goti langu ni zima, lilikuwa zima siku zote.