Miaka Thelathini na Miwili ya Bi Hodi, na Dari ya Jengo la Tatu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Hodi anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya kusimamia nyumba za kupangisha kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia kama karani wa mapokezi kwa mkataba wa miezi mitatu, anaondoka akiwa meneja wa majengo manne yenye familia tisini na sita. Mimi nimekuwa msaidizi wake kwa miaka sita. Jumatatu nakalia kiti chake.

Jina la Bi Hodi alipewa na wapangaji. Ana funguo za akiba za kila mlango, lakini hajapata kuutumia hata mmoja penye mtu. Hutoa taarifa siku mbili kabla, kisha siku yenyewe husimama nje akapiga hodi tatu, na asipoitikiwa hugeuka akaenda zake. Mafundi walinung'unika kwamba wanapoteza nusu siku ngazini. Yeye aliwajibu kwamba ukishampa mtu ufunguo, pale ni kwake, wewe umebaki na hati tu.

Kutulia hajui. Mvua ikianza kunyesha, sisi tunafunga madirisha, yeye amekwisha kuvaa viatu vya mpira kwenda kukagua mapaa. Wengine tuna methali ya ufa na ukuta, yeye ana ngazi. Hampi mtu nyumba kabla hawajaizunguka pamoja, chumba kwa chumba, wakiandika kila kigae kilichopasuka na kila swichi iliyolegea, na wote wawili wakatia saini. Maneno ya mdomo, husema Shangazi, kama tunavyomwita hapa ofisini, yana miguu.

Wala haangalii mtu viatu. Mwaka mmoja alipokuja bwana mmoja mtanashati, suti imenyooka na salamu tamu, ofisi nzima tuliona tumepata mpangaji wa maana. Shangazi akampigia simu mwenye nyumba wa zamani, akaambiwa kwamba bwana yule alipohama, alihama na milango miwili. Tulimpoteza mpangaji, milango tukabaki nayo.

Lakini sikupewa ukurasa huu wa jarida la ofisi nisimulie vichekesho tu. Mwezi uliopita, Shangazi akiwa katika likizo yake ya mwisho, mimi nilikaimu. Katika jengo la tatu, mzee mmoja wa ghorofa ya chini alilalamika kwamba dari yake inadondosha maji. Juu yake anaishi fundi cherehani na binti yake. Fundi bomba alifika, akatazama akiwa mlangoni, akasema mama huyo anafua nguo bafuni na kumwaga maji ovyo. Nilimwonya mara mbili. Dari ikaendelea kudondosha. Nikamwandikia notisi ya siku thelathini.

Alikuja ofisini ameishika mkononi. Alisema kwamba pale ndipo anapolala na ndipo penye cherehani yake, kwa hiyo nikimtoa namtoa mara mbili. Nilimjibu kwamba utaratibu ni utaratibu.

Shangazi aliporudi aliikuta nakala kwenye faili. Hakunifokea. Aliniuliza tu niliingia bafuni humo lini. Sikuwahi kuingia.

Kesho yake tulikwenda wote, kwa ruhusa ya mwenyewe. Tulikausha sakafu ya bafu kwa matambara. Shangazi akamwaga ndoo nzima ya maji yaliyotiwa bluu ya kufulia, kisha akanituma chini kwa mzee, nikae chini ya dari na beseni. Nilikaa saa nzima. Matone yalidondoka vilevile, safi, bila chembe ya bluu. Maji ya kufulia hayakuwa yakipita popote. Kilichokuwa kikivuja ni bomba lililo ndani ya ukuta.

Ukuta ulipobomolewa tuliona maungio ya bomba yamefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na juu yake plasta safi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba kosa ni la fundi wa zamani. Shangazi hakufurahi. Alitafuta faili la matengenezo la miaka kumi na mmoja iliyopita, akaikuta saini ya aliyeipitisha kazi ile. Ilikuwa yake. Siku hiyo alikuwa akihamisha vyombo vyake mwenyewe, hakuwa na nafasi ya kwenda, akatia saini mezani.

Mkurugenzi wetu alimsihi aliache jambo hilo, kwani zimebaki siku chache na faili lenyewe hakuna atakayelifungua. Alikataa. Aliandika maelezo ya kosa lake ukurasa mzima na kuyatia katika jalada lake la utumishi, lililokuwa safi kwa miaka yote hiyo. Katika rasimu yangu ya kwanza nilisema hajawahi kupitisha kazi asiyoikagua. Aliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, akaniambia niandike ukweli au nisiandike kabisa.

Alimwomba radhi fundi cherehani uso kwa uso. Kisha akanituma mimi kupeleka barua ya kufuta notisi, niisome mbele ya mwenyewe. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho. Hakunigombeza. Alisema amefurahi kubaki, ila wateja aliowaambia anahama wamekwisha kuchukua vitambaa vyao, na binti yake amekwisha kuwaaga wenzake darasani, sasa anaona haya kurudi. Nilimwachia barua mkononi. Nilishuka ngazi.

Bi Hodi, ofisi nzima inakushukuru. Familia ile ingali nyumbani kwake kwa sababu hukuogopa jina lako kuchafuka ukiwa mlangoni pa kutokea. Mimi nakuomba radhi mbele ya wote, maana notisi ile niliiandika kwa dakika kumi, nikaenda kula, na chakula kikapita kooni bila kukwama.

Nenda kapumzike, Shangazi. Tunakutakia afya njema, usingizi mzito, na mvua utakayoisikiliza ukiwa kitandani.