Alya Ndiye Asiyetaka

Mbele yangu kwenye treni ya Sydney, Alya wa Tanga alikuwa akimsimulia Stephania, abiria waliyejuana naye muda huo huo, habari za mumewe Mualbania. "Jana kamwambia mama yake kwenye simu, 'Alya nuk do.' Yaani Alya hataki. Sauti akaipandisha kwenye jina langu."

"Labda ndivyo wanavyoongea, dada."

"Sivyo. Sisi tuna 'ndiye', wao wanapandisha sauti. Maana yake Alya ndiye asiyetaka, yeye anataka."

"Hutaki nini?"

"Nahisi ni mama yake aje kuishi kwetu. Sijaulizwa."

Nilijifanya nasoma simu.

"Na ungeulizwa?"

Treni iliposimama Merrylands, Alya alishika mkoba wake. "Ningekataa," alisema akinyanyuka. "Lakini yeye amejuaje?"