Adolphine Nyirangabo na Lailaki Iliyohamishwa Miji Mitatu

Ndugu, jamaa na marafiki mliosimama kwenye tope hili la Louisville na viatu vya kanisani: tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 25 Aprili 2026, ni Adolphine Nyirangabo, Mama Kanyana.

Alizaliwa Bijombo, milimani Kivu Kusini, kiangazi cha mwaka 1962, wiki ambayo Gaju, ng'ombe wa baba yake, alizaa. Karatasi za ukimbizi zinasema tarehe 1 Januari, siku ambayo, kwa mujibu wa karatasi hizo hizo, mume wake na nusu ya kanisa letu walizaliwa pia. Yeye alishika ile ya ng'ombe. "Gaju hakuwa na sababu ya kudanganya," alikuwa akisema.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akatolewa kwenda kuchunga ndama. Masomo yaliyobaki alijimalizia mwenyewe kwa Biblia, kwa redio na kwa kubishana na wachungaji. Baadhi yao wako hapa, na wanajijua.

Tarehe 20 Agosti 1983 aliolewa na Mzee Kagabo, wakajaliwa watoto watatu: Kanyana, Bisogo na Gift. Mwaka 1998 vita viliwashusha mpaka Bujumbura. Ng'ombe walibaki mlimani, na Mzee Kagabo hawataji kwa majina mpaka leo.

Tarehe 14 Machi 2013 familia ilifika Buffalo, mtaa wa East Side, theluji ikiwa magotini. Marehemu alipata kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Nyumba ya pili aliishi bibi mmoja Mmarekani mweusi, mwenye kichaka kirefu kando ya uzio. Mwezi wa tano kichaka kile kilijaa vishada vya zambarau, na harufu yake ikawa inaingia mpaka jikoni kwa Mama Kanyana bila kubisha hodi. Bibi alikiita lailaki. Hawakuwa na lugha moja, lakini bibi alichimba chipukizi, akalifunga kwa gazeti, akampa.

Basi chipukizi hilo likaanza safari. Mwaka 2016 ndugu walisema Columbus kuna kazi, familia ikahamia Columbus, lailaki ikiwa kwenye ndoo mapajani pa marehemu saa zote za njia. Gift alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba amebeba fimbo. Mwaka 2020 ndugu wale wale walisema kazi sasa ziko Louisville. Ndoo tena, mapajani tena, mpaka Okolona, ambako Mzee Kagabo alipata ghala la kufanyia kazi na marehemu akawa anatunza wazee kule Highview. Tatizo la lailaki ni kwamba ukiing'oa inasahau yote na kuanza upya. Miaka kumi na miwili ilikuwa haijawahi kutoa ua hata moja.

Huko Okolona alipanda bustani ambayo watu wetu hawakuielewa: tulipu nyekundu, azalea mbili, na yale maua ya manjano yenye mdomo wa tarumbeta. Nzigire wa kwaya alipokuja mara ya kwanza alizunguka bustani yote, akauliza:

"Donc, hii inakuliwa?"

"Haikuliwi."

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Sasa inafanya nini?"

"Inaangaliwa. Na wewe haukuliwi, lakini tunakukaribisha kila siku ya Mungu."

Septemba 2025 madaktari walimkuta na saratani ya ini. Mwezi wa kumi na moja, akitembea polepole bustanini, aliona macho manene kwenye ncha za lailaki. Muuza miche akamwambia hayo ni maua, yatafunguka mwezi wa nne. Marehemu akamjulisha daktari kwamba kabla ya hapo hana nafasi ya kufa.

Yafuatayo Mzee Kagabo ameagiza yasomwe. Kamati ya mazishi ilikuwa na maoni tofauti, na kamati ilishindwa.

Marehemu alilazwa hospitali kuanzia tarehe 26 Januari. Mwezi wa pili Mzee Kagabo, nyumba ikiwa kimya, alitaka mke wake arudi akute bustani imependeza. Kule mlimani, uzio wa zizi unafyekwa mwisho wa kiangazi ili mvua ikija uchipue mzito. Alitazama lailaki, akaona vijiti vikavu. Akachukua panga. Akafyeka mpaka chini ya goti, kwa ustadi, kama mtu anayejua kazi yake, akafunga matawi mafungu mafungu, na gari la jiji likayachukua. Wiki iliyofuata Kanyana alikuja kumsalimu baba yake, akafika bustanini, akakaa chini kwenye nyasi. Hapo ndipo mzee alipojua.

Marehemu aliletwa nyumbani Ijumaa tarehe 6 Machi. Tangu hapo hakutoka tena nje, kuanzia Pasaka hakuweza hata kutoka kitandani, na dirisha la chumba chake linatazama barabara.

"Baba Kanyana," aliuliza, "lailaki iko namna gani?"

Mzee alijibu kabla ya kufikiri. "Imeanza kufunguka."

"Rangi?"

"Ile ya kitambaa chako cha Noeli."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi mzee alitoka nje, akasimama mbele ya visiki, akarudi na habari. Tulipu zilikuwa zimefunguka kweli, nyekundu mpaka zinatia aibu, lakini hizo hakuulizwa.

Alhamisi tarehe 16 Aprili marehemu aliuliza sababu, "Juu ya nini sisikii harufu?"

"Ni baridi."

"Bon. Baridi."

Mzee Kagabo alikaa ukingoni mwa kitanda akasema yote: panga, uzio wa zizi, gari la jiji. Alilia kama ambavyo hakulia siku ya kuacha ng'ombe Bijombo.

"Minajua," marehemu akasema.

"Tangu lini?"

"Siku ile nilitoka hospitali. Ulisimama mbele yake, umefungua koti kama mlango. Mtu mzima, mwenye wajukuu, unaficha kichaka!"

"Na haukusema?"

"Nilitaka kuona utaiotesha mpaka wapi." Alicheka mpaka kikohozi kikamzidi. Kilipotulia akashika mkono wa mume wake. "Sasa usiache. Jana ilikuwa matawi mawili. Leo?"

Mzee akasema matawi matatu. Ijumaa akasema nyuki wamefika. Jumamosi tarehe 18 Aprili, saa moja asubuhi, alitoka nje kama kawaida, akarudi na habari kwamba yote yamefunguka, hakuna tawi lililobaki. Hakukuta wa kumwambia.

Marehemu ameacha mume, Mzee Kagabo, watoto, Kanyana wa Columbus, Bisogo wa Buffalo na Gift wa hapa Louisville, wajukuu saba, na mdogo wake Précieuse wa Bujumbura, ambaye visa yake haikutoka na anatusikiliza kwenye simu aliyoshika Gift. Précieuse, pole sana.

Mungu ampe Adolphine Nyirangabo pumziko na amani. Sisi tuliobaki tutachelewa kuipata.